Pampu ya bwawa la nyumbani iwake masaa mangapi kwa siku? Maswali na majibu

Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kuogelea majumbani, hapa Mombasa, kuanzia Nyali, Bamburi mpaka Shanzu huko, na swali naloulizwa kuliko yote ni hili la pampu. Wengi waniuliza sababu ya stima, tokeni zaisha haraka, na nawaelewa kabisa, lakini mimi hulijibu kama swali la afya maana nimeshaona watoto wakiumwa kwa ajili ya masaa yaliyopunguzwa.

Swali: Haya tuambie, ni masaa mangapi?

Yategemea bwawa lako lina maji kiasi gani na pampu yasukuma kiasi gani kwa saa. Chukua urefu, zidisha na upana, zidisha na kina cha wastani. Tuseme ni mita 8 kwa 4 na kina cha wastani mita 1.5, hapo una lita 48,000. Pampu ikitoa lita 8,000 kwa saa, itachukua masaa 6 kupitisha kwenye filta maji ya kujaza bwawa zima. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea, wanadhani masaa 6 yakiisha kila tone limeshachujwa, kumbe yale yaliyochujwa yanarudi kuchanganyika na machafu, kwa hivo mzunguko mmoja kwa hesabu wagusa kama asilimia 63 tu ya maji, wa pili ndio wakufikisha kama 86. Na ile namba ya kwenye pampu ni ya pampu isiyo na mzigo, ikishafungwa mabomba na filta inashuka. Kwa bwawa kama hilo, na joto letu hili, mimi siendi chini ya masaa 8, na kukiwa na wageni ama msimu wa kaskazi jua likichoma naweka 10 mpaka 12.

Swali: Masaa 8 kila siku! Tokeni ntatoa wapi?

Kweli dadangu, pampu ya hospawa moja hula kama yuniti moja kwa saa, mwezi ni yuniti 240 hivi, si kidogo. Lakini kabla hujakata masaa angalia filta. Weka kiganja mbele ya lile tundu la maji yanayorudi bwawani, yakikusukuma mkono sawa, yakiwa yapapasa tu basi filta imejaa majani ya mkungu na mafuta ya ngozi, na hayo masaa 8 unayolipia yafanya kazi ya 4. Sindano ya geji ya presha iliyo kwenye filta ikipanda psi (kipimo cha presha) 8 mpaka 10 juu ya pale inapokaa filta ikiwa safi, osha. Na ukija kununua pampu nyingine chukua ya kubadilisha spidi, ukiipunguza nusu maji yanakuwa nusu lakini stima kwa hesabu yashuka mpaka karibu thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, kwa hivo kuiacha polepole muda mrefu ni rahisi kuliko kuikimbiza masaa machache.

Swali: Maji yangu ni ya buluu swafi kabisa, kwani kuna haja?

Hapa nawaomba mnisikilize sana. Kuna nyumba walipunguza mpaka masaa mawili, maji ukiyatazama hayana neno, nikapitisha mkono nyuma ya ngazi ya bwawa, utelezi kama bamia. Ile pembe maji hayatembei, klorini haifiki, na kwenye utelezi ule ndio bakteria hujificha, hususan aina ya Pseudomonas inayoleta vipele na maumivu ya masikio. Watoto wawili wa nyumba ile walikuwa hawawezi, mmoja ukimgusa ndewe tu analia. Uvimbe wa njia ya sikio ndio ulivyo, ukivuta ndewe mtu anaruka, na apelekwe kwa daktari, msimtie mafuta ya moto ya nazi masikioni jamani.

Pampu haiui vijidudu, kinachoua ni klorini, pampu ndio inayoifikisha. Klorini ikiwa 1 mpaka 3 ppm (miligramu kwa lita) na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, 7.2 mpaka 7.8, bakteria wa E. coli hafiki hata dakika moja, virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, Giardia, kijidudu cha kuharisha, kama 45. Penye klorini sufuri hakuna anayekufa.

Swali: Niwashe usiku ama mchana?

Stima ya nyumbani bei ni ileile, kwa hivo usiku haukuokolei kitu. Jua letu launguza klorini, isiyo na dawa ya kuikinga na jua inaisha nyingi ndani ya masaa machache. Mimi hugawa, mchana wakati watu wanaogelea iwe inazunguka, halafu magharibi natia klorini na kuiacha masaa mawili matatu ichanganyike. Stima ikipotea siku nzima msiingie mpaka irudi, izunguke, upime upya.

Swali: Harufu kali na macho mekundu, si klorini imezidi?

Mara nyingi ni kinyume. Ile harufu ni klorini iliyokutana na mkojo na jasho. Oga kabla ya kuingia, mpeleke mtoto choo kila saa, na ongeza mzunguko na klorini safi.

Swali: Tunasafiri wiki tatu, nizime?

Usizime kakangu. Maji yaliyotulia bila klorini, mbu hukua kutoka yai mpaka kuruka kwa siku kama 7 mpaka 10, na Mombasa hii dengue na chikungunya tushaziona, si utani. Punguza masaa kidogo kama hakuna anayeogelea, lakini awepo mtu wa kutia klorini na kuzoa majani.

Swali: Mtoto aliharisha ndani ya bwawa, pampu ikiwaka usiku kucha yatosha?

Haitoshi. Kuna kijidudu Cryptosporidium, chaweza kuishi siku zaidi ya 7 hata klorini ikiwa sawa. Toeni watu wote, muite fundi atie klorini nyingi kwa kipimo chake, na mtoto mwenyewe akae nje wiki mbili baada ya kuharisha kuisha. Na mkifika hapo muangalie kifuniko cha tundu la chini, kikiwa kimepasuka ama hakipo pampu isiwashwe mtu akiwa ndani, maana inavuta nywele na mkono wa mtoto, na swichi yake kila mtu mzima wa nyumba, mpaka dada wa kazi, aijue iko wapi.