Usiniletee Barua Peke Yake

Mwaka jana nilipigiwa simu na mama mmoja ambaye baba yake aliendesha galeri ndogo ya sanaa hapa New York kwa zaidi ya miaka 30. Mzee amefariki, mkataba wa pango unaisha, na lori la taka limeshaagizwa. Akanieleza kwamba ana barua za wasanii, kama 200 hivi, na ameshazipanga kwa majina. Je, sisi tunaohifadhi nyaraka za galeri tungezipenda? Nikamjibu tungezipenda sana, kisha nikauliza leja, yaani madaftari ya hesabu, ziko wapi. Akanyamaza. Leja, kadi za stoku, ankara, vishina vya hundi, nakala za barua alizotuma mzee mwenyewe: vyote hivyo alikuwa amevirundika upande wa kutupwa.

Nilimsihi aahirishe lori kwa wiki moja tu.

Kabla ya kuja Marekani nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali Dodoma. Aliyepita masijala anaijua kazi ile: karatasi ikiingia inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada lake, na jibu lake linafuata nyuma yake. Mzee aliyenifundisha hakuvumilia mtu achomoe folio hata kwa dakika tano. Kwake barua isiyo na jibu lake ilikuwa nusu ya barua. Nilipoanza kushughulikia nyaraka za galeri nikakuta kanuni ileile, na huku wanaishika kwa nguvu zaidi: makaratasi yanabaki katika mpangilio aliouacha mwenye biashara, hata kama kwa macho ya mgeni ni vurugu tupu. Mama yule, kwa nia njema kabisa, alikuwa amechomoa folio 200.

Ili ieleweke kwa nini naililia leja, tuangalie kwanza galeri inavyofanya biashara. Picha nyingi unazoziona ukutani si mali ya mwenye galeri. Msanii amezileta kwa mali kauli. Ikiuzwa, galeri inakata kamisheni yake na msanii anapewa kinachobaki. Isipouzwa, inarudi kwake. Sasa mwenye galeri ana mamia ya vitu vya watu wengine mikononi mwake, na njia pekee ya kutopotea ni namba. Kila picha inapoingia inapewa namba ya stoku. Namba hiyo inaifuata picha kwenye leja, kwenye kadi, kwenye ankara, kwenye hati ya kusafirishia, kwenye bahasha ya negativu, yaani filamu ya picha iliyopigwa kwa kamera, na mara nyingi kwenye kibandiko nyuma ya fremu. Miaka 70 baadaye mtu anageuza picha, anaona kibandiko chenye namba, na kama kadi bado ipo, picha ile ina historia. Kama kadi ilikwenda na lori, pale pana kibandiko tu.

Nikuonyeshe kadi moja. Inaenea kiganjani. Juu kuna namba, halafu jina la msanii, jina la picha, vipimo kwa inchi, tarehe ya kuingia. Chini kuna bei anayotajiwa mnunuzi, kuna sehemu ya msanii, halafu kuna herufi tatu nne ambazo hazifanyi neno lolote. Hapo ndipo wageni huchanganyikiwa. Pale ambapo galeri iliinunua picha yenyewe, herufi zile ni gharama iliyolipa. Wafanyabiashara wengi walichagua neno au maneno yenye herufi 10 zisizojirudia, kila herufi ikasimama badala ya tarakimu moja. Muuzaji anaweza kuitazama kadi mbele ya mteja, akajua ashuke bei hadi wapi, na mteja asiambulie kitu. Ukiigeuza kadi nyuma unakutana na penseli. Imekwenda maonyesho, imerudi. Imepelekwa nyumbani kwa mteja aijaribu ukutani, imerudi. Fremu imepasuka kona. Hakuna sahihi ya mtu maarufu hata moja, na ndiyo maana warithi huzitupa kadi hizi bila kusita.

Tuna bahati kwamba wapo ambao hawakutupa. William Macbeth, mzaliwa wa Ireland, alifungua galeri New York mwaka 1892, wakati ambapo tajiri wa Marekani aliyetaka picha aliangalia Ulaya kwanza. Yeye akaamua kuuza kazi za Wamarekani. Februari 1908 ukumbi wake ulionyesha wachoraji wanane waliokuwa wamechoshwa na masharti ya wakubwa wa sanaa wa siku zile, Robert Henri akiwa kiongozi wao. Picha saba ziliuzwa, na nne kati ya hizo zilinunuliwa na Gertrude Vanderbilt Whitney, ambaye baadaye alianzisha jumba la makumbusho lenye jina lake. Galeri ilifungwa mwaka 1953. Mwaka uliofuata, mjini Detroit, mkurugenzi wa makumbusho Edgar P. Richardson na mkusanyaji Lawrence Fleischman walianzisha Archives of American Art, hazina ya nyaraka za sanaa ya Marekani, kwa sababu aliyetaka kuandika historia ya sanaa ya nchi hii alilazimika kuzunguka mji hadi mji akitafuta makaratasi. Walianza kwa kupiga nyaraka picha kwenye filamu ndogo. Mwaka 1970 taasisi hiyo ikawa sehemu ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya makumbusho, na leo inahifadhi vitu zaidi ya milioni 20. Makaratasi ya Macbeth yako humo, na unaweza kuyasoma kwenye intaneti ukiwa Tanga au Bujumbura.

Ya Edith Halpert pia yako humo. Huyu alizaliwa Odessa, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na mwaka 1926 akafungua galeri yake New York, Downtown Gallery. Desemba 1941 alionyesha picha 60 za Jacob Lawrence, kijana Mweusi wa miaka 24, zinazosimulia safari ya Wamarekani Weusi kutoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini. Makumbusho mawili yakaigawana hadithi hiyo: namba witiri zikaenda Phillips Collection, Washington, na namba shufwa zikaenda Museum of Modern Art, New York. Hadi leo ukitaka kuiona nzima ni lazima ama usafiri, ama ungoje siku wakiziunganisha. Mgawanyo wa namna hiyo hupangwa kwa barua na simu. Kila makumbusho hutunza upande wake, lakini pande zote hukutana kwenye jalada la galeri.

Na sisi Watanzania tumo. Museum of Modern Art ina picha ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, msomi wa Makerere, ambaye baadaye alikuwa balozi wetu London. Ni picha ya mwaka 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na makumbusho iliipata mwaka 1960. Miaka ile Harmon Foundation ya New York, ambayo haikuwa galeri ya biashara bali taasisi ya kuwainua wasanii Weusi, ilikuwa ikiandikiana na wasanii wa Afrika na kuwatafutia maonyesho Marekani. Ilifunga shughuli zake mwaka 1967, na makaratasi yake yako Library of Congress, maktaba kuu ya taifa huko Washington. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka kuandika habari za kizazi cha Ntiro asiishie kwenye magazeti ya nyumbani. Sehemu ya historia yetu imelala kwenye makasha ya Washington, na kila mwaka nawaandikia wanafunzi kuwakumbusha jambo hilo.

Karatasi ikikosekana, pengo lenyewe hutoa ushahidi. Knoedler ilikuwa galeri ya tangu 1846, mojawapo ya kongwe kuliko zote New York. Ilifungwa ghafla Novemba 2011 baada ya kubainika kwamba kwa miaka mingi ilikuwa imeuza picha za kughushi zilizodaiwa kuwa za wachoraji mashuhuri Rothko, Pollock na wenzao. Galeri mbili zilihusika, na mauzo kwa jumla yalipita dola milioni 80. Picha zile hazikuwa na makaratasi. Hapakuwa na ankara ya zamani, barua ya msanii wala kadi, ila simulizi tu la mwenye mali asiyetaka kutajwa. Mwaka uliofuata Getty Research Institute ya Los Angeles ilichukua nyaraka za Knoedler, na madaftari yake ya stoku ya kuanzia miaka ya 1870 sasa ni kimbilio la watafiti wanaofuatilia picha ilipita mikononi mwa nani. Vivyo hivyo nyaraka za galeri ya Jacques Seligmann, zinazotumiwa na wanaotafuta mali za familia za Kiyahudi zilizoporwa na Wanazi. Mjukuu anaweza kurudishiwa picha ya babu yake kwa sababu karani mmoja alijaza mstari wa leja bila kuruka.

Adui wa makaratasi haya ni wengi, na karibu wote wamo ndani ya jalada lenyewe. Klipu za chuma huota kutu na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Vipande vya magazeti vina asidi inayohamia kwenye barua ya jirani, ukifungua unaona umbo la kipande limejichapa kama kivuli. Filamu za zamani za plastiki ya asetati huanza kunuka siki, na harufu hiyo ikianza hairudi nyuma, inabaki kuzitenga na kuziweka kwenye baridi. Lakini linaloniuma kuliko yote ni faksi. Miaka ya 1980 na 1990 biashara ilihamia kwenye karatasi zile laini zinazochapwa kwa joto. Nimefungua jalada la mkataba wa maonyesho nikakuta kurasa tisa nyeupe. Ukizielekeza kwenye taa pembeni unaona alama hafifu ya tarehe, basi. Ukizikuta bado zinasomeka, ziskani siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Halafu kuna maji. Usiku wa 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilisukuma maji ya mto Hudson hadi mitaa ya Chelsea, kwenye galeri nyingi kuliko mtaa mwingine wowote mjini, na wengi walikuwa wameweka nyaraka chini, kwenye vyumba vya ardhini. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia. Karatasi iliyolowa ina kama saa 48 kabla ya ukungu kuota, kwa hiyo usipoweza kuikausha upesi unaigandisha, kisha unaikausha polepole baadaye. Katalogi za karatasi ya kung'aa hazikupi hata muda huo. Zikianza kukauka zinagandana zikawa tofali.

Niliwahi pia kupokea mkusanyiko ambao warithi, kabla ya kutuletea, walikuwa wamemwita dalali, akatoa barua zote za msanii mmoja anayeuzika na kuzipeleka mnadani. Majalada yalibaki na nakala za kaboni za majibu, kwenye karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. "Kuhusu swali lako la pili, hapana." Swali la pili lilikuwa lipi? Barua iko nyumbani kwa mtu, kwenye fremu ya kioo, inapigwa na jua. Siwalaumu watu kwa kuhitaji fedha. Ninachowaomba ni kwamba kabla barua haijaondoka, iskaniwe, na karatasi iachwe mahali pake ikisema ni nini kilichotolewa, tarehe gani, na kimekwenda wapi.

Watu huogopa pia siri zao, na wana haki. Kwenye majalada haya kuna majina ya wanunuzi, bei, madeni, wasanii wanaoomba wakopeshwe fedha za kodi ya nyumba. Kule masijala tulikuwa na ya wazi na ya siri, na hapa nasi tunakubaliana na mtoaji kwamba sehemu fulani ifungwe kwa miaka kadhaa. Afadhali jalada lifungwe miaka 25 kuliko kuchomwa. Na kumiliki barua si kumiliki maneno yake: haki ya kuyachapisha hubaki kwa aliyeandika na warithi wake, kwa hiyo galeri ikitukabidhi karatasi haijampa mtu ruhusa ya kuzichapa.

Galeri za leo sijui niwaambieje ili wanisikie. Kila kitu kiko kwenye baruapepe na kwenye programu ya stoku inayolipiwa kila mwezi. Siku malipo yakikoma, leja imefungwa. Toeni nakala ya data yote kila mwaka, kwa muundo unaofunguka kwenye programu nyingine, na muiweke mahali pawili.

Mama yule alinipigia siku ya nne. Leja zilikuwa tatu, moja ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa kabati lililopinda. Nikaenda na makasha. Tulikaa sakafuni tukizirudisha barua 200 kwenye majalada yake kwa kufuata tarehe za nakala za majibu, kazi ya siku mbili. Kwenye kadi nikaona zile herufi za gharama, nikamuuliza kama aliwahi kusikia neno la siri la baba yake. Akacheka. Alikuwa na miaka saba, anafuta vumbi kwenye fremu siku za Jumamosi, na baba yake alimwimbisha neno lile hadi akalikariri, akamwapisha asimwambie mtu. Hakuwa amelitamka tangu wakati huo. Akalitaja taratibu, herufi moja moja, nami nikaliandika kwa penseli ndani ya jalada la leja ya kwanza, na tarehe, na kwamba amelitaja binti yake.