Mwigizaji wa uhusika ni nani? Maana yake kupitia kazi ya Thelma Ritter

Mwigizaji wa uhusika ni yule anayeitwa kazini kwa sababu anaweza kumleta mtu fulani akaonekana ni mtu kweli: mtumishi wa ndani, muuguzi, mama mkwe, mwenye nyumba, mlevi wa bandarini. Haitwi kwa ajili ya jina lake kwenye bango. Kuvuta watu kwenye dirisha la tiketi ni kazi ya nyota, ambaye mitaani tunamwita steringi. Steringi akitoka filamu hii akaingia ile, watazamaji hutaka kumwona yuleyule waliyempenda. Mwigizaji wa uhusika kazi yake ni kinyume: aingie, aaminike ndani ya dakika moja, asukume hadithi mbele, kisha aondoke bila kuivuruga.

Watu wengi humchanganya na mwigizaji msaidizi. Usaidizi ni ukubwa wa nafasi katika igizo moja, na unaweza kubadilika mwezi ujao. Uhusika ni fani ya mtu, kama ilivyo fani ya fundi seremala. Kuna waigizaji wa uhusika waliobeba igizo zima mabegani, na kuna nyota waliowahi kuchukua nafasi ndogo za usaidizi. Wala si mtu wa umati, yule anayepita barabarani nyuma ya waigizaji akiwa hana neno hata moja.

Mgawanyo huu ni wa zamani kuliko filamu. Katika karne ya 19, kampuni za maigizo za Uingereza na Marekani ziliajiri kila mtu kwa fungu lake: kijana mpenzi, mzee, bibi, mwovu, mjakazi mcheshi. Kampuni ilipopokea mchezo mpya, mwenye fungu la bibi alijua nafasi ya bibi ni yake bila mjadala, hata kama ni ya mistari kumi. Filamu zilipoanza, mafungu yale yalihamia studio. Tuzo za Oscar zilianza bila kuwatambua watu hawa. Vipengele vya wasaidizi viliongezwa kwa filamu za mwaka 1936, na kwa miaka ya mwanzo washindi wake walipewa bamba, si sanamu kama wenzao. Sanamu ya ukubwa kamili ilikuja kwa filamu za 1943.

Ukitaka kuielewa fani hii, mfuate Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 14 Februari 1902, akasomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, akapita kwenye kampuni za maigizo, na kwa miaka mingi hakuna kikubwa kilichotokea. Mumewe, Joseph Moran, naye alikuwa mwigizaji kabla ya kuhamia kazi ya matangazo ya biashara. Wakapata watoto wawili, Ritter akakaa pembeni kuwalea, na alirudi kazini miaka ya 1940 kupitia redio. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1947, akiwa na miaka 45. Katika umri ambao nyota wa kike wa Hollywood walikuwa wakianza kunyimwa kazi, yeye alikuwa anaanza. Ndivyo fani hii ilivyo: mikunjo ya uso na sauti iliyokwaruza ni mtaji.

Filamu yenyewe ni Miracle on 34th Street, iliyoongozwa na George Seaton, na jina lake halikuandikwa popote. Ni mama aliyechoka, amemleta mwanawe kumwona Santa Claus kwenye duka kubwa la Macy's. Mtoto anataka gari la zimamoto la kuchezea, mama anajua dukani halipo, na anashtuka yule mzee anapomwelekeza duka la washindani. Kisha anamfuata msimamizi wa idara ya vinyago na kumwambia kwamba kwa ukweli huo, kuanzia leo yeye ni mteja wa Macy's. Hapo ndipo msimamizi anapogundua kwamba ule uliodhaniwa ni wazimu una faida. Ondoa kauli ya mama huyu, na sehemu kubwa ya hadithi haina sababu ya kutokea. Nafasi ndogo iliyoandikwa vizuri ni bawaba: haionekani, lakini mlango hauzunguki bila yake.

Jinsi uhusika unavyovaliwa

Kwa Kiswahili tunasema mwigizaji ameuvaa uhusika, na neno hilo linafaa kabisa, kwa sababu nguo huvaliwa na mwili uleule. Ritter hakubadilisha lafudhi yake ya Brooklyn katika nafasi nyingi, wala hakujificha nyuma ya vipodozi. Alichobadilisha ni mambo matatu: mtu huyu anataka nini, mikono yake inafanya nini, na ana haraka kiasi gani.

Mikono kwanza, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka. Katika Rear Window (1954) ya Alfred Hitchcock, Ritter ni Stella, muuguzi aliyetumwa na kampuni ya bima kumhudumia mpiga picha aliyevunjika mguu, anayechezwa na James Stewart. Maneno ya Stella mwanzoni ni mengi, na mengi yake ni taarifa anazohitaji mtazamaji: huyu bwana anachungulia majirani, ana mchumba, anakwepa ndoa. Angesimama akayasema, yangekuwa hotuba. Badala yake anamtia kipimajoto mdomoni, jambo linalomfanya mgonjwa ashindwe kujibu, kisha anamlaza na kumkanda mgongo huku akimsema. Taarifa zinapita bila mtu kuhisi anapewa taarifa. Baadaye anamwandalia kifungua kinywa huku akikisia ni sehemu gani ya nyumba mwuaji angeweza kumkatakatia mkewe. Chakula kinamshinda mgonjwa, ukumbi unacheka, na wakati huohuo hofu imepanda daraja.

Shughuli ya mikono ina sheria zake. Iwe kazi ambayo mtu huyo angeifanya hata kama hakuna mazungumzo. Iwe na mwanzo na mwisho ndani ya kipande, ili isikatike katikati kama sahani iliyoachwa hewani. Na mwigizaji akumbuke ni neno gani lilitamkwa alipoinua kikombe, na kwa mkono upi, kwa sababu kipande kimoja hupigwa mara nyingi kutoka pembe tofauti. Akiinua kwa mkono wa kulia kwenye picha ya mbali na wa kushoto kwenye picha ya karibu, mhariri hawezi kuziunga. Mara nyingi atakachofanya ni kuitupa picha ya karibu ya mwigizaji huyo na kubaki na ya nyota. Wengi wamepoteza picha zao nzuri kwa kosa hili, na hawakujua kwa nini.

Kusikiliza ni nusu ya kazi. Katika All About Eve (1950) ya Joseph L. Mankiewicz, Ritter ni Birdie, msaidizi wa chumba cha kuvalia wa nyota wa jukwaa Margo Channing, anayechezwa na Bette Davis. Binti mgeni, Eve, anasimulia maisha yake ya huzuni na chumba kizima kinalainika. Birdie anatupa neno moja la kejeli, anakemewa, anaomba radhi. Lakini mtazamaji ameshapandiwa shaka. Baadaye Margo anamuuliza kama hampendi Eve, na Birdie anamweleza kwamba binti yule anamsoma Margo kama mtu anayesoma kitabu au michoro ya ramani. Muda mfupi baadaye Birdie anatoweka kabisa kwenye filamu. Si uzembe. Aliyekuwepo kuona hatari ameshaiona. Angebaki, angemzuia Margo asianguke, na hadithi ingeishia hapo. Mwigizaji wa uhusika lazima akubali hilo: hadithi ikishamaliza haja naye, inamwacha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuiba kipande. Mwigizaji mwenye dakika tatu hutamani kuzijaza, basi anakohoa, anapepesa macho, anaongeza tabia ya ajabu wakati mwenzake anazungumza. Watazamaji wanamtazama, kweli, lakini wanakosa neno ambalo hadithi inalihitaji, na mwongozaji hamwiti tena. Kosa la pili ni kumchezea kejeli mhusika, yaani kumwigiza mtumishi kama mtu anayemcheka mtumishi. Tazama Alma wa Pillow Talk (1959), anayefika kazini kichwa kikimuuma kwa ulevi wa jana. Uigizaji wa kuchekesha ovyo ungempepesusha kila hatua. Ritter anamfanya mtu anayejitahidi sana asionekane amelewa, na kicheko kinatoka kwenye jitihada hiyo.

Naye hakufungwa kwenye vichekesho. Katika Pickup on South Street (1953) ya Samuel Fuller ni Moe, mwanamke anayeuza tai barabarani na kuuza habari kwa polisi, akiweka akiba ili asizikwe kwenye makaburi ya wasio na wa kuwazika. Usiku wa kifo chake amekaa kitandani, gramafoni inacheza, na anamwambia mwuaji aliyemjia kwamba amechoka. Hapandishi sauti wala halii. Anazungumza kama mtu anayelalamikia miguu inayouma, na kamera inageukia gramafoni kabla ya mlio wa risasi. Kwangu hiki ndicho kipande bora alichowahi kucheza, na sababu ni kwamba alijua asiongeze kitu. Miaka tisa baadaye, katika Birdman of Alcatraz (1962), alikuwa mama wa mfungwa, mwenye upendo unaogeuka minyororo, na hakuna kicheko hata kimoja.

Jukwaa, filamu, televisheni

Mwili ni uleule ila vipimo si sawa. Mwaka 1957 Ritter alipanda Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, katika mchezo wa muziki New Girl in Town, akicheza Marthy, mwanamke mlevi wa bandarini. Mchezo ulifanya maonyesho 431. Kwa desturi ya Broadway ya maonyesho manane kwa wiki, huo ni zaidi ya mwaka mzima wa kurudia maneno yaleyale kwa nguvu ileile. Jukwaani jicho likipepesa halionekani safu ya nyuma, kwa hiyo wazo lihamie kwenye bega, mwendo na pumzi. Kicheko nacho kina hesabu: usiseme mstari unaofuata kikiwa kinapanda, maana hautasikika, wala usingoje kife kabisa, maana ukumbi utapoa. Ingia kinapoanza kushuka. Mwaka 1958 alipewa Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, ya mwigizaji bora wa kike wa mchezo wa muziki, wakigawana na Gwen Verdon, nyota wa mchezo huohuo.

Televisheni ya miaka ya 1950 ilikuwa kitu kingine tena: maigizo mengi yalirushwa moja kwa moja, hakuna kurudia. Mwigizaji alitoka kipande kimoja akikimbilia seti ya pili huku nguo ikifungwa njiani, na alipofika alitakiwa aonekane hajakimbia. Mwaka 1955 Ritter alicheza nafasi kuu katika The Catered Affair, igizo la mwandishi Paddy Chayefsky, kama mke wa dereva wa teksi wa Bronx anayetaka kumfanyia bintiye harusi kubwa kuliko uwezo wao. Aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni. Mwaka uliofuata hadithi ikafanywa filamu, na nafasi hiyo ikapewa Bette Davis. Wanaofanya kazi hii wanaujua uchungu huo: unaitengeneza nafasi, fedha zikija inapewa nyota.

Televisheni ya mfululizo ina hatari yake nyingine, nayo kwetu tunaijua vizuri. Ukimcheza mtu mmoja kila wiki kwa miaka, jina lake linalimeza lako. Wakenya waliotazama kipindi cha vichekesho cha Vitimbi walimjua Mama Kayai; wangapi walilijua jina la Mary Khavere aliyemcheza? Ni heshima, lakini ni vigumu mtu huyo kuaminika akija kesho kama hakimu.

Malipo na jina

Nafasi ya jina kwenye orodha hujadiliwa katika mkataba kama mshahara unavyojadiliwa. Katika The Mating Season (1951) Ritter ni mama mwenye kibanda cha kuuza hambaga anayedhaniwa mpishi nyumbani kwa mwanawe mwenyewe. Hadithi yote ni yake, lakini jina lake lilikuja baada ya Gene Tierney, John Lund na Miriam Hopkins, na uteuzi wake wa Oscar ukawa wa usaidizi. Aliteuliwa mara sita katika kipengele hicho, nne za kwanza zikiwa mfululizo kwa filamu za 1950 hadi 1953, na hakushinda hata mara moja. Hakuna mwanamke aliyeteuliwa hapo mara nyingi zaidi. Mwaka wa kwanza alishindana na mwenzake wa filamu hiyohiyo: yeye na Celeste Holm waliteuliwa pamoja kwa All About Eve, na tuzo ikaenda kwa Josephine Hull.

Kuhusu fedha, chama cha waigizaji cha Marekani kiligoma mwaka 1960 kudai malipo kila filamu inaporushwa kwenye televisheni. Makubaliano yaligusa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo. Kwa za zamani, studio zilitoa fungu moja la kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Maana yake Birdie, Stella na Moe wangeweza kuonyeshwa usiku kwa usiku bila malipo ya marudio kumfikia aliyewacheza. Mwigizaji wa uhusika aliishi kwa kazi inayofuata.

Ndiyo sababu kipimo cha fani hii ni kuitwa tena. Filamu ya mwisho ya Ritter, What's So Bad About Feeling Good?, ilitoka mwaka 1968, miezi michache kabla ya kifo chake cha Februari 1969. Aliyemwita ni George Seaton, mwongozaji yuleyule aliyempa yule mama wa Macy's mwaka 1947.