Akili unde katika uchimbaji wa jotoardhi ni nini?

Umeme wa mji wa Lamu na wa Malindi huletwa na nyaya za gridi ya taifa, na zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini. Pwani hatuna mvuke huo. Uko Bonde la Ufa, hasa Olkaria karibu na Naivasha, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981. Visima vya huko hufikia kina cha kilomita 3 hivi, na chini joto laweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi.

Kisima kimoja hula mamilioni ya dola, na anayekichimba haoni anachokikata. Ndiyo maana mtambo hufungwa vihisi vinavyopima mwenendo wake kila sekunde, kisha programu ya akili unde (programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano) huvisoma vipimo hivyo na kukisia kinachoendelea chini.

Hupimwa uzito unaokandamiza biti (ile ncha yenye meno ya kusaga mwamba), nguvu ya kuizungusha, kasi ya kushuka, shinikizo la pampu, na tope linaloingia na kurudi. Tope hilo hupoza biti na kupandisha vipande vya mwamba. Likirudi pungufu, kuna ufa umelimeza. Hapa ndipo kazi hii inaponikosha: ufa ukitokea mapema ni hasara, kwani mabomba yaweza kunasa, ukitokea kwenye kina cha mvuke, ndiyo riziki yenyewe iliyotafutwa.

Fundi wa milango ya Lamu hujua kwa kiganja kwamba keekee imegota kwenye fundo la mti. Mchimbaji mzoefu naye husikiliza mtambo vivyo hivyo. Programu hujifunza kutokana na kumbukumbu za visima vilivyotangulia: kasi ilishuka vipi, mzunguko ulianza lini kuwa mzito, kabla bomba halijanasa. Dalili zikijirudia, hutoa onyo. Kwa kawaida mtu ndiye huamua apunguze uzito au ainue mabomba.

Ila programu iliyofunzwa kwa visima vya mafuta, kwenye miamba laini ya mashapo, hupotea njia ikikutana na miamba migumu ya volkano. Joto nalo huua vifaa vya elektroniki, kwa hiyo vipimo vingi huchukuliwa juu, mbali na biti. Kwa maoni yangu, kuingiza ripoti za zamani kwenye kompyuta, kazi isiyo na sifa hata kidogo, kuna faida kuliko kununua programu ya bei ghali isiyo na cha kujifunza.

Na bei ya umeme? Gharama ya kuchimba imo ndani yake, imechanganyika na mikopo, mitambo na nyaya zinazopitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Siku za kuchimba zikipungua nafuu ipo, lakini mtu wa mtaa wa Mkomani, Lamu, asitarajie tokeni zake ziongezeke mwezi ujao.