Mtu mzima wa Ngazija

Mzee aliyenipokea Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, alikuwa na miaka 70 na ushei, ndevu nyeupe pe, wajukuu tele. Jioni alinichukua hadi bangweni, uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe, akanionyesha pa kukaa. Kisha mwenyewe akaenda kuketi nyuma pamoja na vijana. Nikadhani ni unyenyekevu. "Mimi bado mnamdji," aliniambia tulipokuwa tukirudi. Yaani mwana wa mji. Mabaraza ya mbele walikuwa wameketi wanaume wenye umri wa wanawe, kila mmoja na mharuma, shali ya heshima, begani. Hao ndio wandruwadzima: watu wazima.

Nimefanya utafiti wa historia ya mwambao kwa miaka mingi, na bado neno hilo lilinipiga chenga. Mswahili akilisikia haombi tafsiri, na hapo ndipo linapomponza. Kwetu utu uzima huja na miaka. Ngazija huja na harusi.

Harusi yenyewe wanaiita anda, au ndoa kubwa. Mwanamume anaweza kuwa na mke na watoto sita kwa ndoa ndogo, ya kadhi na mashahidi wawili, na bado asiwe na sauti bangweni. Mpaka aoe kwa anda, kwa kawaida binti wa mjini kwake, apeleke dhahabu, achinje ng'ombe, alishe mji kwa siku nyingi. Hapo ndipo anapovaa joho la bushuti, anapopewa nafasi safu za mbele msikitini, na neno lake linahesabiwa mji unapoamua jambo. Upande wa pili, bibi harusi hupewa nyumba na kwao, na mume ndiye anayehamia. Nyumba haiwi yake kamwe. Na kuna ardhi ya ukoo, manyahuli, inayorithiwa kupitia wanawake peke yao, katika nchi ambayo karibu kila mtu ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafi. Masheikh wamelijadili hilo vizazi na vizazi. Manyahuli bado ipo. Msafiri anayemwonea huruma bibi harusi chini ya uzito wa dhahabu ile afadhali aulize kwanza hati ya nyumba ina jina la nani.

Makala nyingi za safari kuhusu Komoro huanza na mapinduzi, na si ajabu, maana yamejaa. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Tarehe 3 Agosti Rais Ahmed Abdallah alikuwa ameshapinduliwa. Mamluki Mfaransa Bob Denard alimsaidia Ali Soilih kushika madaraka, kisha Mei 1978 akatua usiku na wenzake wapatao 50, akamwondoa Soilih huyohuyo na kumrudisha Abdallah. Soilih aliuawa mwezi huohuo. Abdallah naye aliuawa ikulu Novemba 1989, Denard akiwa mumo humo. Ukisimulia hivi tu unapata sinema, hupati nchi.

Mimi ninachokitazama ni kile Soilih alichotaka kukiondoa katikati ya vurugu hizo. Alipiga vita gharama za anda, akachoma nyaraka za serikali, akawapa wanafunzi wa sekondari ofisi za kuendesha. Kwa maneno mengine alitaka wanamdji wakae mbele. Miji haikumsamehe. Denard alipotua hakukuta watu wengi wa kumlilia rais. Sisemi mamluki aliletwa na wazee wa bangwe, maana bunduki na fedha zilitoka mbali. Ila serikali zimepinduliwa, visiwa vimejitenga (kisiwa cha Nzuani, au Anjouan, kilijitoa mwaka 1997, na Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, wakatua kumng'oa mtawala wake, Kanali Mohamed Bacar), na muda wote huo mabaraza ya mbele yamebaki na utaratibu wake. Serikali ikiyumba, mji bado una wa kuamua ugomvi wa mipaka na wa kuchangisha barabara.

Gharama ya utaratibu huo mtaijua mkifika Agosti. Ndege zinashusha watu kutoka Ufaransa, hasa Marseille, wenye masanduku yaliyofungwa kamba. Wenyeji wanawaita Je viens, "nakuja". Wameosha vyombo na kulinda maghala miaka 20 ili waje wamalize fedha yote katika wiki tatu. Vijana wasomi wa Moroni hukasirika wakilisimulia hili, na wana haki: hospitali haina dawa na mji unakula ng'ombe. Lakini wengi wa wanaokasirika wana kikoba cha anda kinachojaa polepole mahali fulani. Niliwauliza watatu. Wawili walicheka, wa tatu akabadili mazungumzo.

Ufunguo huu wa anda, hata hivyo, haufungui kila mlango. Nzuani anda si nzito kama Ngazija, na shida yake kubwa iko baharini. Bendera ya Komoro ina nyota nne, na ya nne ni ya Mayotte, Maore kwa wenyewe, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Nzuani. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa ujumla vilitaka uhuru kwa karibu asilimia 95, ila Mayotte karibu asilimia 64 walikataa. Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, ikabaki nayo.

Kwa nini walikataa? Jibu la haraka ni mkono wa Ufaransa, na mkono ulikuwepo. Lakini kulikuwa pia na makao makuu ya utawala yaliyohamishwa kutoka Dzaoudzi, Mayotte, kwenda Moroni, na kazi zikahama nayo. Wanawake wa Mayotte, wakiongozwa na Zéna M'Déré, walikuwa wakiwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya hadi wakimbie kurudi walikotoka. Ndiyo, kuwatekenya. Historia ya siasa ya eneo letu ina silaha chache za aina hiyo.

Hadi 1995 watu walivuka kwenda Mayotte wapendavyo. Mwaka huo Ufaransa, chini ya Waziri Mkuu Édouard Balladur, ikaweka viza. Tangu hapo wanavuka usiku kwa boti ndogo za kwassa-kwassa, jina lililotokana na dansi ya Kikongo kwa jinsi zinavyoyumba. Wajawazito, wagonjwa wa figo, watoto waliotumwa kwa shangazi. Maelfu wamezama. Tangu 2011 Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa, na karibu nusu ya wakazi wake ni wageni kisheria, wengi wao wakiwa na binamu mtaa wa pili. Mvuvi mmoja wa Domoni, Nzuani, alinieleza njia ile kama mtu anayeeleza njia ya sokoni, akihesabu mikondo kwa vidole. Sikuandika jina lake wala la boti.

Jioni yangu ya mwisho Moroni nilirudi bangweni na mzee wangu. Fedha ya anda yake, aliniambia, iliishia kwenye karo, na hajuti. Kijana wake mkubwa yuko Marseille na Agosti anakuja kuoa kwa ndoa kubwa. Nikamuuliza siku hiyo wataketi vipi. Akaelekeza kidevu kwenye baraza la mbele, "mwanangu," kisha akapiga kofi jiwe tulilokalia, akasogea kunipa nafasi zaidi.