Paramediki mwenye cheti anayetafuta shahada: anza kwa kuhesabu krediti

Paramediki, yaani mhudumu wa dharura wa ambulensi, akitaka kusoma bila kuacha zamu, huanza kwa kuuliza ada. Mimi ningeanza kwingine: mafunzo uliyokwisha kumaliza yatahesabiwa krediti ngapi (vipimo vya masomo ya chuo), na zitaingia sehemu gani ya shahada?

Nchini Marekani shahada ya miaka miwili huwa na krediti 60 hivi, na ile ya miaka minne 120. Uliyesomea uparamediki chuoni, krediti zako zimo kwenye transkripti (rekodi rasmi ya masomo yako), omba zihamishwe. Uliyesomea hospitalini au kwa zimamoto, mara nyingi cheti chako kinaonyesha saa tu, kwa hiyo tafuta chuo kinachotoa krediti kwa mafunzo ya awali. Vyuo vya aina hii kwa kawaida hutaka kuona cheti cha NREMT (sajili ya kitaifa ya wahudumu wa dharura) au leseni ya jimbo ambayo haijaisha muda. Usiruhusu iishe kabla krediti hazijaingizwa kwenye rekodi yako.

Sasa mtego wenyewe. Chuo kinakuahidi krediti 40 nawe unafurahi. Kumbe 30 kati ya hizo zimewekwa kwenye masomo ya hiari, na programu inahitaji 12 tu ya hiari. Zinazokufaa ni 22. Nyingine 18 zinakaa kwenye karatasi bila kazi. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kulipa chochote, dai tathmini ya maandishi inayoonyesha kila krediti imetimiza sharti gani. Uliza pia kiasi cha lazima kusomwa hapo hapo chuoni. Mara nyingi ni robo, yaani 15 kati ya 60. Na kama ulisoma chuo chenye mihula ya robo mwaka, gawanya kwa 1.5: krediti 45 zitahesabiwa 30.

Masomo yanayobaki kwa kawaida ni uandishi, hisabati au takwimu, saikolojia, na anatomia na fiziolojia yenye maabara. Hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa sababu anatomia iliyofundishwa ndani ya kozi ya uparamediki mara nyingi haikubaliwi badala yake. Kama baadaye unalenga uuguzi, waulize kwanza huko uendako kama wanakubali maabara ya mtandaoni na kama krediti za sayansi huchakaa baada ya miaka kadhaa.

Muda uhesabu hivi: krediti moja ni saa 1 ya darasa na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Somo la krediti 3 ni saa 9 kwa wiki. Likibanwa kwenye wiki 8 linakaribia saa 17. Anayefanya kazi saa 24 na kupumzika 48 asiihesabu siku ya kutoka zamu, maana hiyo ni ya usingizi. Chagua masomo ya mtandaoni yasiyo na vipindi vya moja kwa moja, kisha angalia mitihani: ukipewa saa mbili maalumu za kuufanya, simu moja ya dharura mwisho wa zamu inatosha kukukosesha.

Kuhusu ada, mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka wa kalenda bila kodi ya shirikisho. Wengi hurejesha fedha baada ya matokeo, kwa hiyo muhula wa kwanza uwe na fedha zako mkononi, na usome kipengele cha miaka unayotakiwa kubaki kazini.