Pigano la maamuzi ni Kalenga, si Lugalo

Kila inapotajwa habari ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa, hakosekani wa kuiita Lugalo pigano la maamuzi kati ya Wahehe na Wajerumani, na sababu anayoitoa ni kwamba Wajerumani walipata hasara kubwa na kwamba jina la mahali hapo lina heshima hata likapewa kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam. Kwa kifupi, pigano la maamuzi ni lile ambalo baada yake upande ulioshindwa hauwezi tena kusimama kwa nguvu zilezile na kudai kile ulichokuwa ukikipigania. Wingi wa maiti haumo katika maana hiyo, wala ushujaa.

Tuipime Lugalo kwa kigezo hicho. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akipitisha kikosi chake kikiwa kimejipanga katika mstari mrefu na mwembamba, na Wahehe waliokuwa wamejificha kandokando ya njia wakakivamia kwa mikuki kabla askari hawajapata nafasi ya kujipanga. Zelewski mwenyewe akauawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake, na bunduki nyingi zikatekwa. Ushindi huo hauna ubishi. Hata hivyo, Wajerumani walibaki na pwani, na meli, na uwezo wa kuleta maofisa, askari na mizinga mingine, nao wakavileta. Lugalo iliwachelewesha miaka mitatu.

Kalenga ni jambo jingine. Tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana wa Kijerumani, Friedrich von Schele, aliishambulia ngome hiyo ya Mkwawa kwa mizinga, kisha askari wakaingia ndani na mapigano yakaendelea kati ya nyumba na nyumba. Mkwawa alitoroka, na hapo ndipo wengi wanapopinga: itakuwaje pigano liwe la maamuzi ilhali mtawala mwenyewe hakukamatwa? Jibu limo katika vitu alivyoviacha nyuma. Kalenga ilikuwa makao ya utawala wake na ghala la baruti na pembe za ndovu, na pembe hizo ndizo zilizomwezesha kununua silaha kwa wafanyabiashara. Baada ya hapo hakuwa tena na mji ambao adui alilazimika kuuvunja, na miaka yake ya mwisho aliishi porini, akilishwa kwa siri na watu wake, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Ujasiri wake haukupungua hata chembe, lakini dola ilikuwa imeondoka mikononi mwake.

Kuna kosa la pili, na hili nalikuta hata kwa watu wanaoijua Kalenga vizuri: husema kwamba Uhehe ulianza kutawaliwa siku ileile ngome ilipoanguka. Pigano la maamuzi hufungua njia, na njia iliyofunguliwa yaweza kukaa muda mrefu bila kupitwa. Schele aliiteka Kalenga, akaibomoa, akarudi zake pwani. Utawala wenyewe ulikuja mwaka 1896, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alipojenga boma Iringa na kumweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala chini ya Wajerumani. Haikupita miezi mingi Prince huyohuyo akamnyonga kwa shutuma kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri. Mkwawa aliendelea kupigana mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe.

Basi anayependa kuisifu Lugalo na aiite ushindi mkubwa wa Wahehe, maana ndivyo ilivyokuwa. Neno maamuzi aiachie Kalenga, na penye mwaka wa kuanza kutawaliwa aandike 1896.