Ndiyo, Tambi za Kuvuta Zina Magadi: Acheni Kuyaita Dawa

"Hizi tambi haziwezi kuvutika hivi bila dawa." Safari hii aliyesema ni kaka mmoja aliyekuja Guangzhou kununua mzigo, na meza nzima ikaitikia. Huku Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wengi kutoka Afrika hufikia, maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Kazi yangu ni unga: nakanda, navuta tambi za Kichina kwa mikono, nasukuma ngozi za jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Tena anayenikera zaidi siye anayesema dawa. Ni yule anayemjibu, "Hamna kitu humo, ni unga na maji na ufundi wa mikono tu." Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili anaharibu zaidi, kwa sababu siku mteja akiona pakiti ya poda nyeupe jikoni ataamini alidanganywa tangu mwanzo.

Donge la tambi za Lanzhou, ndizo hizi za kuvuta, lina unga wa ngano, maji, chumvi kidogo na penghui. Penghui ni majivu. Kule Gansu, mkoa ambao mji wake mkuu ndio Lanzhou, kuna kichaka cha nyika kavu. Wanakichoma, majivu yanayeyuka na kugandamana kuwa bonge gumu, bonge linachemshwa na kuchujwa, na yale maji ndiyo yanayoingia kwenye unga. Kinachofanya kazi humo hasa ni potasiamu kaboneti. Akina mama wa Kiluhya huchoma maganda ya maharage, wakachuja majivu, wakapikia mrenda na kunde. Ni kemia ileile. Magadi ya kwenye makande ni ndugu yake wa upande wa sodiamu. Sijawahi kumsikia mtu akikataa sahani ya makande eti yamewekwa dawa.

Siku hizi migahawa mingi haichemshi majivu, inanunua penghui ya pakiti. Hilo nitalirudia, maana ndipo penye swali la maana.

Rangi ya manjano nayo isikusumbue. Si yai, na kwa kawaida si rangi ya dukani. Unga wa ngano una viambata vyake vya asili ambavyo kwenye maji makali ya magadi hugeuka manjano. Mwaga magadi kidogo kwenye unga mweupe uliolowa, utaona mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kuvutika. Ukisoma vitabu utakuta magadi hukaza gluteni, ile nyavu ya protini inayojengeka unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa. Ni kweli. Chukua donge la kawaida, ongeza magadi, livute: litakuwa gumu, linarudi nyuma kila ukiliachia, na ukilazimisha linakatika. Hapo ndipo vitabu vingi vinapoishia, na mimi hapo ndipo ninapoanza kuvitilia shaka. Mvutaji hahitaji donge lililokaza. Anahitaji donge lililolegea, linaloteremka lenyewe ukilishika ncha mbili, lisirudi na lisikatike. Inawezekanaje kitu kinachokaza kiwe ndicho kinachosifiwa kwa kulegeza?

Jibu ninaloliamini, kwa ninavyoliona mezani, ni kwamba magadi peke yake hayavuti tambi. Yanaleta rangi, yanaleta ule ung'atifu unaousikia jinoni, yanazuia tambi kurojeka kwenye supu. Kulegea kunatoka kwingine. Kwanza ni kukanda. Lanzhou wana msemo wa mafundi: maji mara tatu, majivu mara tatu, kanda mara themanini na moja. Hawakandi kwa upole kama wa mkate. Wanalisokota donge, wanalichana, wanalikunja upande mmoja, mpaka nyavu ya gluteni ikubali kulala mwelekeo mmoja. Majivu hayamwagwi kwa mkupuo. Yanaingia kidogokidogo, na baada ya kila mara unalisikia donge likibadilika chini ya kiganja: kwanza linakakamaa, halafu, ukiendelea bila huruma, linaachia. Hakuna kitabu kinachoweza kukuandikia dakika za kuachia huko. Unyevu wa Guangzhou wa Mei si wa Desemba, na gunia la unga la leo si la wiki iliyopita. Vipimo vya vitabuni naanzia navyo, lakini anayeamua ni mkono.

Pili ni kile kilichomo kwenye pakiti. Kwenye baadhi ya pakiti za penghui ya kisasa utasoma sodiamu metabisulfiti. Hii hukata viungio vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za gluteni, ndiyo maana donge linalegea haraka. Viwanda vya biskuti vinaitumia kwa sababu hiyohiyo. Je, hiyo ni dawa? Ni kiungo cha viwandani kinachoruhusiwa kwenye chakula kwa viwango maalumu. Lakini sitamdanganya mtu: mwenye pumu inayochokozwa na sulfiti ana haki ya kuuliza kabla ya kula, na mpishi ana wajibu wa kumjibu. Hilo ndilo swali ninalotamani niulizwe badala ya "dawa gani mnaweka". Wanaopika nyumbani wana njia nyingine, hamira iliyokufa, yaani isiyoumua tena. Ndani yake mna glutathioni, ambayo hukata viungio vilevile.

Tena anayedhani kuvuta haiwezekani bila hivyo vyote, amtazame Muuyghur wa Xinjiang akitengeneza laghman, tambi za kuvuta za kwao. Unga, maji, chumvi, basi. Anasokota donge kuwa kamba, anaipaka mafuta, anaizungusha kwenye sinia, anaifunika na kuiacha ilale saa kadhaa. Muda unafanya kazi ya penghui ya pakiti. Ila tambi zake huwa nene na nyeupe. Tambi nyembamba za Lanzhou, tena za mteja aliyeketi na njaa, hazimsubiri mtu saa kadhaa. Hapo ndipo penghui ya pakiti inapopata kazi.

Misuli ya mikono haina umuhimu mnaoupa. Kamba moja ikikunjwa inakuwa mbili, kisha nne, kisha nane. Mkunjo wa nane unakupa nyuzi 256. Hiyo ni hesabu. Kile kishindo cha kamba kupigwa mezani kinasaidia kuinyoosha na kusawazisha unene, hakifanywi kwa ajili ya kupigwa video.

Jiaozi hazina penghui kabisa, kwa hiyo anayekimbia tambi kwa kuogopa "dawa" halafu akaagiza jiaozi ameangukia kwenye unga na maji tu. Ngozi ya jiaozi za kuchemsha hukandwa kwa maji baridi ili istahimili sufuria. Za mvuke mara nyingi ni maji ya moto, ndiyo maana ngozi yake ni laini. Sisi tunajaza ng'ombe na vitunguu vya majani, au kondoo na karoti. Maji yakifoka tunatia maji baridi kidogo, tunarudia hadi mara tatu, ili nyama iive ngozi isipasuke. Chovya kwenye siki nyeusi. Soya sosi ukiimimina kama mchuzi utakula chumvi.

Wanaouliza kuhusu nguruwe: tambi za ng'ombe za Lanzhou ni chakula cha Wahui, Waislamu wa Kichina, na jina linalotajwa sana kwenye historia yake ni Ma Baozi, Mhui aliyekuwa akiziuza Lanzhou mwaka 1915. Huku kusini migahawa hii mingi inaendeshwa na watu wa Hualong, mkoa wa Qinghai. Tazama kibao cha mlangoni: kuna maandishi ya qingzhen, ndiyo halali kwa Kichina; zamani mara nyingi palikuwa pia na neno halali kwa Kiarabu. Kibao hakipo, uliza.

Ukiingia, usiseme "niletee tambi" ukanyamaza. Sema upana. Maoxi ni nyembamba kama unywele, na hurojeka upesi. Erxi ni nene kiasi, jiuye ni bapa kama jani la kitunguu, dakuan ni pana kama mkanda. Mgeni namshauri erxi. Bakuli likija, tazama supu: inatakiwa iwe angavu, na figili nyeupe, pilipili nyekundu ya mafuta, majani mabichi ya kijani na tambi za manjano. Kisha nusa. Ukisikia harufu ya sabuni, na tambi zinateleza mdomoni kama zimepakwa povu, mpishi amezidisha magadi. Rudisha bakuli. Hilo ni kosa la jikoni, na mpishi anayejiheshimu atakuvutia nyingine.

Kula hapohapo. Tambi hizi zinakaa kwenye maji yanayochemka muda mfupi sana, na zikifika mezani bado zinakunywa supu. Ukifungiwa upeleke hotelini, utafungua mfuko ukute uji. Cha kufungiwa ni jiaozi.

Na wale mnaotaka kujaribu nyumbani Dar, Arusha au Nairobi, msichukue magadi ya sokoni mkakandia unga. Magadi ghafi ya kwetu, hasa ya upande wa Natron na Ziwa Magadi, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na ni miongoni mwa vitu vinavyohusishwa na meno ya kahawia huko kaskazini. Chukua baking soda ya kawaida, itandaze kwenye trei, iweke ndani ya oveni yenye moto wa nyuzi 120 kwa saa moja au zaidi. Itageuka sodiamu kaboneti safi. Usiishike kwa mkono ulio na maji. Kwa nusu kilo ya unga anza na kijiko cha chai kisichojaa, na hamira iliyokufa ukiipata.